Makueni, Kongwa na Uluguru: Historia ya jirani inayoanzia shambani kwetu

Miaka ya mwisho ya 1940, Waingereza walikuwa wakifyeka vichaka pande mbili za Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Upande mmoja ulikuwa Makueni, nyika ya mbung'o iliyokuwa kusini mwa wilaya ya Machakos ya enzi hizo. Upande wa pili ulikuwa Kongwa, kule Ugogoni, katikati ya Tanganyika. Leo Makueni ni kaunti ya maembe na machungwa, na wazee wengi wa huko watakusimulia jinsi familia zao zilivyohamia kutoka vilima vilivyosongamana vya Machakos. Kongwa palibaki vyuma chakavu, pamoja na hasara ya takriban pauni milioni 36 zilizotoka mfukoni mwa mlipa kodi wa Uingereza.

Dola iliyoanzisha miradi hiyo ni moja. Wataalamu walisoma vitabu vile vile, na mvua iliwakatili kote kuwili. Kwa nini basi mmoja ukashika mizizi na mwingine ukafa kabla ya kutimiza miaka mitano? Aliyesoma historia ya Kenya peke yake hawezi kujibu, na aliyesoma ya Tanganyika peke yake hawezi pia. Tena, kwa jinsi Historia inavyofundishwa katika vyuo vyetu vingi, swali lenyewe halipati hata nafasi ya kuulizwa.

Tuanze na mwanafunzi anavyofika chuoni. Kidato cha nne amekimaliza akiwa amekariri vita vya Maji Maji, Samori Toure na Lobengula. Anajua kwamba Waganda na Walozi walishirikiana na mkoloni, kwamba Mwingereza alitawala Nigeria kupitia machifu, na kwamba Mfaransa wa Senegal alitaka kumgeuza Mwafrika awe Mfaransa mweusi. Haya yote anayajua kwa pointi. Ukimwamsha usiku wa manane ukamwambia akupe sababu tano za Maji Maji kushindwa, atakupa sita, kisha alale. Akifika chuo kikuu anakutana na kozi ya historia ya Afrika Mashariki chini ya ukoloni, nayo mara nyingi ni Kenya, Uganda na Tanganyika zilizopangwa foleni. Kila nchi ina gavana wake, zao lake la biashara na chama chake cha uhuru. Foleni ikiisha, muhula umekwisha. Mimi sioni kwamba hapo mtu amesoma historia ya jirani. Amesoma historia tatu zilizofungwa jalada moja.

Ajabu ni kwamba ukitafuta mahali nchini Kenya ambapo historia ya majirani imepita mlangoni kabisa, hutapata pengi kupita Kitui na Makueni.

Chukua Kitui. Kila mtu aliyesoma hapa anamjua Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, na mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Desemba 3, 1849, akiwa upande huu wa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya. Baada ya hapo vitabu vya shule humpa Krapf shukrani zake na kuendelea na safari. Linalorukwa ndilo lenye utamu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, na mwaka 1899 wakafungua kingine Mulango. Walikuwa watu wa misheni ya Leipzig, misheni ile ile iliyoshika Uchagani, Moshi na vitongoji vyake, kuanzia 1893.

Hebu tazama ramani ya wakati huo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari utoke Pwani, upinde kuuzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha uende hadi Ziwa Nyanza. Wamisionari Waingereza waliokuwa Moshi wakajikuta kwa Mjerumani, na mwaka 1892 wakalazimika kuondoka baada ya kutuhumiwa kuwachochea Wachaga. Wajerumani wa Ikutha nao walikuwa kwa Mwingereza, ila wao waliachwa waendelee hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowang'oa, na Mulango ikaja kuangukia mikononi mwa misheni ya Kimarekani ya Africa Inland. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitui anayetaka kujua ukoloni wa Kijerumani ulifikiri nini kuhusu Mwafrika haanzii Dar es Salaam. Anaweza kuanzia Ikutha, kisha aulize kwa nini Mlutheri wa Leipzig alivuna waumini wengi Uchagani huku Kitui akihangaika miaka nenda miaka rudi. Je, ni kwa sababu Moshi alikuwa na serikali ya taifa lake nyuma yake na Kitui hakuwa nayo? Ni kwa sababu Wachaga walikuwa na machifu wenye nguvu, na Mkamba hakuwa na mtu mmoja wa kumbatiza ili wengine wafuate? Au ni ile njaa kuu ya mwisho wa karne, ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye, iliyowatawanya watu kabla mahubiri hayajazoeleka?

Makueni nayo ina reli. Iliitwa Reli ya Uganda, ingawa kutoka Mombasa inapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu na ilipofika ziwani mwaka 1901 ilikuwa bado haijaikanyaga Uganda tunayoijua leo. Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa ya Uganda hadi 1902, mwaka ambao jimbo la mashariki la himaya ile lilikatwa na kuunganishwa na himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1914 vita vilipozuka, vikosi vidogo vya Wajerumani vilivuka mpaka vikipenya nyikani usiku kuja kutega baruti kwenye reli hiyo. Ndipo Ukambani ilipotumbukia moja kwa moja katika historia ya Tanganyika.

Mwaka 1917 kazi ya kukusanya wapagazi alikabidhiwa John Ainsworth, mtu ambaye Wakamba walimfahamu vizuri tangu alipokuwa bwana mkubwa wa Machakos katika miaka ya 1890. Vijana walisombwa kutoka Kitui na Machakos wakapelekwa kusini kumfuata jenerali Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewazungusha hadi Msumbiji na ambaye hakusalimu amri hadi Novemba 1918. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza katika vita hivyo walipita milioni moja, na kwamba waliokufa walikuwa kama laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga usioiva vizuri. Wamezikwa katika ardhi ambayo leo ni Tanzania na Msumbiji. Mtu anaposema kwamba historia ya Tanganyika haimhusu Mkamba, sijui huwa anawahesabu hao wako wapi.

Baada ya vita, serikali ya Kenya ilianza kutekeleza kwa nguvu sheria ya kuwaandikisha wanaume. Kila mwanamume mtu mzima akapewa kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, akaitia ndani ya kijikasha cha chuma na kukining'iniza shingoni. Kutoka nje ya eneo lililotengewa Waafrika bila kipande hicho kulikuwa kujitafutia jela. Tanganyika nayo ilikuwa na kipande, lakini nenda ukakione: ni kadi iliyochorwa vyumba thelathini. Kibarua wa shamba la mkonge akimaliza kazi yake ya siku, nyapara anatia alama kwenye chumba kimoja. Asiyejaza vyumba vyote thelathini halipwi mwezi wake. Kipande cha Kenya kilimfunga mtu asitoroke, na cha Tanganyika kilimvuta arudi kesho. Weka hivyo viwili juu ya meza moja katika darasa la mjini Wote, Makueni, na utapata saa nzima ya mjadala kuhusu walowezi waliotaka vibarua wa bei poa kando ya mashamba yao, na kampuni za mkonge zilizolazimika kuvuta watu kutoka mbali. Mkonge wenyewe uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyonusurika safari ya kutoka Florida kupitia Hamburg ilikuwa 62. Kutoka kwa hiyo 62 yalitokea mashamba makubwa ya Tanganyika, na ukiwa ndani ya basi la Mombasa, ukipita Kibwezi, utaona mistari ya mmea huo huo katika mashamba ya Dwa.

Sasa tuje kwenye mifugo, maana hapa ndipo mlinganisho unapoleta jambo ambalo hukulitarajia.

Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba ng'ombe wa Machakos wamezidi na wanaimaliza ardhi. Ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimeshafunguliwa Athi River kikisubiri. Wakamba waliunda chama cha Ukamba Members Association. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu yao, wanawake na watoto wakiwemo, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi Kariakor kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana ana kwa ana. Walituma simu za maandishi London, na suala likafika bungeni kule. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini upunguzaji wa mifugo kwa nguvu ulisitishwa. Wakamba walishinda.

Mwanafunzi wetu anaijua hadithi hii, japo kwa mistari michache. Mpe sasa na ya jirani. Mwaka 1951 serikali ya Tanganyika iliwafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki, karibu na Arusha, ili ardhi iende kwa walowezi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikafukuzwa. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wenyeji walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, alisimama New York akaieleza dunia masaibu ya watu wake. Mwaka 1955 Julius Nyerere naye alikwenda huko huko akiwa na chama cha TANU mgongoni.

Mtu angetarajia nini? Kwamba Wameru, waliokuwa na jukwaa la dunia nzima, wangeshinda, na Wakamba, wasiokuwa na pa kukimbilia ila kwa mkoloni mwenyewe, wangeshindwa. Ikawa kinyume. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia Wameru ardhi yao, na Wakamba walirudi nyumbani na ng'ombe wao. Kwa nini? Jibu linaanza kuonekana ukikumbuka kwamba mwaka 1938 vita vingine vilikuwa vinanukia, na kwamba Wakamba walikuwa miongoni mwa watu waliojaa zaidi katika jeshi la King's African Rifles na polisi. Serikali iliyohitaji bunduki zao haikuwa tayari kugombana nao kwa sababu ya ng'ombe. Wameru hawakuwa na karata hiyo mkononi. Walichokipata wao ni kitu cha polepole zaidi: kesi yao ilitembea Tanganyika nzima, ikawafundisha watu kwamba mkoloni anaweza kushitakiwa, na TANU ikaja kuvuna hapo.

Hilo si jambo la kukariri. Ni jambo la kugombania darasani, na kuna wahadhiri watakaolipinga. Na wapinge. Wasukuma, ambao mifugo yao nayo iliandamwa katika miaka ya 1950 hadi ghasia za Geita za 1958, wanaweza kuletwa kuwa shahidi wa tatu.

Turudi Kongwa. Mpango wa karanga ulibuniwa London kwa sababu ya njaa ya London. Baada ya vita Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, na mtu mmoja wa kampuni ya Unilever akapata wazo la kulima karanga Tanganyika katika mamilioni ya ekari. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya kijeshi. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa unalimika, ila jua likiwaka unakuwa kama saruji, na karanga ni zao la kuchimbua. Wagogo walijua. Hakuna aliyewauliza. Januari 1951 mpango ulifutwa. (Kongwa ilikuja kupata kazi nyingine baadaye: katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na kambi pale, na sidhani kuna mahali pengine ambapo takataka za mkoloni zilitumika vizuri kiasi hicho.)

Makueni haikukusudiwa kumlisha mtu wa London. Ilikusudiwa kupunguza msongamano wa Machakos, msongamano ambao serikali yenyewe ilikuwa imeutengeneza kwa kuwapa walowezi vilima vya Mua na kuwafungia Wakamba nje ya nyika za Yatta. Mwanzoni watu walisita kwenda. Walishuku kwamba wakishamaliza kufyeka mbung'o, ardhi itapewa Wazungu, na kwa yaliyokuwa yamewapata nani angewalaumu? Waliokwenda walipewa masharti: mifugo kwa idadi, na shamba likingwe lisimomonyoke. Fedha za maendeleo ya ardhi ya Waafrika zilizotolewa baada ya 1946 zilimiminwa Machakos kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Kenya, na sababu kubwa ni ile ile ya bunduki. Maelfu ya askari Wakamba walikuwa wamerudi kutoka Ethiopia, Madagaska na Burma, na vita vya Mau Mau vilipoanza 1952 serikali ilitetemeka ikifikiria siku ambayo wanajeshi hao wangekula kiapo.

Lakini fedha peke yake hazielezi matuta. Ukisafiri kutoka Machakos kwenda Wote kupitia Mbooni, utaona vilima vilivyokatwa ngazi kutoka bondeni hadi kileleni. Namna iliyoenea sana ni fanya juu. Mkulima anachimba mfereji unaoukata mteremko kwa usawa, na udongo anaoutoa anaurusha upande wa juu hadi uwe ukingo. Juu ya ukingo anapanda nyasi. Mvua zikipita, udongo unajikusanya wenyewe nyuma ya ukingo, na baada ya misimu kadhaa mteremko unakuwa ngazi bila mtu kuukata. Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa ya kulazimishwa na chifu. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa imechukuliwa na mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo wanawake ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Waliimba, wakachimba shamba la huyu leo na la yule kesho.

Wakati huo huo, Tanganyika, maofisa waliwalazimisha Waluguru wa milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, wachimbe matuta. Julai 1955 wananchi wa Matombo walikataa. Zilizuka ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango mzima ukaachwa. Wataalamu waliandika kwamba Waluguru ni wakaidi. Soma kwa makini na utaona mengine. Uluguru ilitakiwa matuta ya kukatwa ngazi moja kwa moja. Udongo wa huko juu ni mwembamba, na ukikata ngazi unafukia ule wenye rutuba na kuibua ule mfu. Mkulima alitoa jasho, akavuna kidogo kuliko mwaka uliopita. Huko Machakos tuta lilihifadhi maji katika nchi isiyo na maji, mkulima akaona mahindi yake yakisimama wakati ya jirani yamenyauka. Katika miaka hiyo hiyo alianza kuruhusiwa kupanda kahawa, na mboga zake zilikuwa na soko Nairobi. Na zaidi ya yote, Waluguru walikuwa na TANU, chama kipya kilichojua kugeuza jembe kuwa siasa. Machakos, vyama vilikuwa vimepigwa marufuku kwa sababu ya Mau Mau.

Ndiyo kusema, tuta moja la fanya juu pale Mbooni lina maelezo ya aina tatu: ya udongo, ya soko na ya siasa. Ukibaki Makueni tu, utasema Wakamba ni wachapakazi na kumaliza. Wapo wanaosema hivyo hadi leo, na maofisa wa kikoloni walisema hivyo kabla yao, walipowapachika Wakamba sifa ya kabila la askari watiifu. Ni Uluguru inayokuonyesha kwamba sifa hiyo haikuwa maelezo ya kitu chochote.

Kuna wakati wasomi wetu walifanya kazi ya namna hii bila kuona shida. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970, katika kitabu cha pili cha mfululizo wa Hadith uliohaririwa na Bethwell Ogot, ilitoka makala ya historia ya uchumi wa Wakamba kati ya 1850 na 1950. Mwandishi wake alikuwa Isaria Kimambo, Mpare, mwanahistoria wa Dar es Salaam. Mtanzania ndiye aliyetusaidia kuelewa biashara ya babu zetu wa Kitui! Je, ni Wakamba wangapi wameandika historia ya uchumi wa Upare? Chuo Kikuu kile kilivunjika, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Jumuiya ilifufuliwa, biashara ikarudi. Mitaala haijarudi kwa kasi hiyo.

Dar es Salaam ilituachia pia mfano wa jinsi ya kufundisha. Mwaka 1968 idara ya historia iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini kwao kukusanya masimulizi ya wazee walioviona vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa miongoni mwa walioongoza utafiti huo. Matokeo yalibadilisha kabisa jinsi vita vile vilivyoeleweka, kwa sababu kabla ya hapo sauti iliyosikika ilikuwa ya maofisa Wajerumani. Wanafunzi ndio walioandika. Hawakusubiri kuwa maprofesa.

Hili linawezekana Kitui. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao Kwa Vonza na bewa Wote, kimesimama mahali palipokuwa Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojengwa kwa harambee ya wenyeji. Kilipata hati yake mwaka 2013. Wanafunzi wengi katika vyuo vya eneo hili wanatoka katika familia ambazo babu mzaa babu alibeba mizigo Tanganyika, au babu alipigana na Waitalia Ethiopia mwaka 1941. Aliyekwenda mwenyewe hayupo tena au amebaki mmoja mmoja, lakini mjukuu aliyesimuliwa yupo. Medali zipo, barua zipo, na nyimbo za kuwaaga vijana hazijasahaulika zote. Kazi ya likizo ya Agosti ingeweza kuwa hiyo, badala ya insha nyingine kuhusu sababu za kugawanywa kwa Afrika.

Zipo pia nyaraka ambazo watu wa Historia hawazigusi kwa sababu zimewekwa rafu ya fasihi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi mrefu kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, huko Mrima, pwani ya Tanganyika, vile ambavyo Abushiri bin Salim aliongoza hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa Maji Maji. Mwanafunzi wa Kenya anayesomea ualimu wa Kiswahili na Historia anazisoma tenzi hizo Jumatatu akihesabu mizani, na Jumatano anafundishwa vita hivyo hivyo kwa kitabu cha Kiingereza, wala hakuna anayemwambia kwamba ameshika shahidi mkononi. Kijana wa Kitui ana bahati ambayo mwenzake wa London hana. Anasoma Kiswahili bila kamusi, na sehemu ya kumbukumbu za Tanganyika iko katika lugha hiyo.

Kuhusu majirani wengine nitasema kidogo tu, kwa kuwa hali yao ni mbaya zaidi. Jubaland, ambayo leo iko Somalia, ilikuwa sehemu ya Kenya hadi Uingereza ilipoipa Italia mwaka 1925, na anayetaka kuelewa siasa za Kismayu bila kujua hilo anapoteza muda. Sudan ilitawaliwa kwa jina la Misri na Uingereza pamoja hadi 1956, na maasi ya askari wa kusini huko Torit yalianza Agosti 1955, kabla hata uhuru haujafika. Wakimbizi kutoka nchi hizo wamekuwa majirani zetu kwa miongo mingi. Vitabu vyetu vinawataja kama tatizo la usalama.

Pingamizi la kwanza ni kazi. Mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo atauliza kijana atafanyia nini hizo habari za Waluguru, na ana haki ya kuuliza. Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC) umeifanya Historia kuwa somo la kuchagua katika sekondari ya juu, na mwalimu mtarajiwa anajua kwamba nafasi si nyingi. Pingamizi la pili ni kumbukumbu zenyewe. Faili za Wajerumani ziko katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani unaowashinda hata Wajerumani wa leo. Nyaraka ambazo Waingereza walizihamisha kisirisiri walipokuwa wakiondoka, za Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, zilifichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifichua mwaka 2011. Sasa zinasomeka Kew, London, kwa mwenye nauli.

Moshi, hata hivyo, si London. Kutoka Wote unafika Emali, unashika lami ya Loitokitok ukiwa na Kilimanjaro mbele yako, unagonga muhuri mpakani Tarakea na jioni uko Uchagani. Darasa moja lenye basi la chuo linaweza kwenda na kurudi mwisho wa wiki mrefu. Waende wakiwa wameshazungumza na wazee wa Ikutha na Mulango. Wakifika, wawaulize Walutheri wa Moshi kile ambacho sijasikia mwanafunzi wa Kenya akitumwa kuuliza: wamisionari wa Leipzig waliokuwa kwao walisema nini kuhusu wenzao wa Kitui, njaa ya Ngomanisye ilipowapiga watu wa huko, na je, kuna Wakamba waliokimbilia mlimani mwaka ule na kubaki?